Mpeleka barua aliyewapeleka polisi shuleni

Miaka mingi nilipokuwa nikifundisha shule ya upili, nilikuwa na kauli moja niliyopenda kuwatolea wanafunzi wazembe. Niliwaambia kwamba asiyetaka kushika kalamu na ajiandae kushika rungu. Darasa zima lilikuwa likiangua kicheko, nami nikijihisi mwalimu mcheshi. Siku moja nilimtolea kauli hiyo kijana mmoja mrefu, mkimbiaji hodari, ambaye hesabu zilikuwa zimempiga chenga. Wenzake walicheka kama kawaida. Yeye hakucheka. Alinitazama kitambo, kisha akainamisha kichwa juu ya daftari lake. Baadaye nilikuja kupata habari kwamba baba yake alikuwa koplo wa polisi, na kwamba karo ya mtoto huyo ilitokana na mshahara wa hiyo kazi niliyoifanyia mzaha.

Sikumwomba radhi. Katika siku hizo mwalimu hakumwomba mwanafunzi radhi. Hata hivyo, jambo hilo lilinikaa moyoni, na kila nilipowasikia watu wakilalamika kwamba polisi wetu hawajui sheria, au wanapiga kwanza na kuuliza baadaye, nilijiuliza ni nani aliyewafundisha vijana wetu kwamba kazi hiyo ni jaa la kutupia walioshindwa. Jibu halikunipendeza. Tulikuwa sisi walimu.

Leo nataka nikusimulie, msomaji mpendwa, maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye laiti ningalimjua mapema ningaliufunga mdomo wangu darasani. Mtu huyo ni August Vollmer, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley katika jimbo la California, Marekani. Wanaosomea elimu ya uhalifu humtaja kuwa baba wa upolisi wa kisasa nchini mwake. Ajabu ni kwamba kabla ya kushika wadhifa huo hakuwa amefanya kazi ya upolisi hata siku moja. Alikuwa mpeleka barua.

Vollmer alizaliwa mwaka 1876 katika jiji la New Orleans, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Baba yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 8 hivi, na mama akabaki na mzigo wa kulea peke yake. Aliwapeleka wanawe Ujerumani kwa jamaa zake kwa muda, wakarudi New Orleans, kisha wakahamia pwani ya magharibi. Mwaka 1891 jamaa hiyo ilikuwa imetia nanga Berkeley, mji mdogo unaotazamana na San Francisco ng'ambo ya ghuba.

Elimu yake ilikuwa haba. Alijifunza kupiga taipu, hati mkato na utunzaji wa vitabu vya hesabu, basi. Mlango wa chuo kikuu hakuupita akiwa mwanafunzi. Akiwa kijana, yeye na rafiki yake walifungua duka la kuuza makaa na malisho ya mifugo, na akawa miongoni mwa vijana waliojitolea kuzima moto mtaani kwao. Mwaka 1898 vita vilipozuka baina ya Marekani na Uhispania, alijiandikisha jeshini akapelekwa Ufilipino. Huko alipigana katika mapambano kadha wa kadha, na alihudumu kwenye mashua za kivita zilizopita mitoni. Mwaka uliofuata akarudi nyumbani, na mwaka 1900 akaajiriwa na posta ya Berkeley.

Hapa inafaa nieleze kidogo, kwa kuwa sisi tumezoea kwenda wenyewe kwenye sanduku la posta. Katika mji ule mpeleka barua alitembea kwa miguu mlango hadi mlango, siku nenda siku rudi. Alijua nani anaishi wapi, nani amehama, nani amefiwa, na ni nyumba ipi ambayo madirisha yake hayafunguliwi. Kwa muda wa miaka 5 Vollmer aliupima mji wake kwa nyayo. Naamini kwamba hiyo ndiyo shahada yake ya kwanza, ingawa hakuna aliyemtunuku cheti.

Mwaka 1904, akiwa kazini, aliliona behewa la mizigo lililokatika breki likiteremka mteremko kuelekea kituo ambako mabehewa ya abiria yalikuwa yamesimama. Alilirukia, akaishika breki ya mkono, akalisimamisha kabla halijawafikia watu. Habari hizo zilienea mjini kama moto wa nyikani. Mwaka uliofuata mhariri wa gazeti la mji pamoja na wenyeji wengine walimsihi agombee wadhifa wa mashali, yaani mkuu wa askari wa mji, ambao wakati huo ulikuwa wa kupigiwa kura. Alisita, kisha akakubali. Mwezi wa Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 29, akashinda.

Ni lazima tuelewe alikuwa akiingia katika kazi ya namna gani. Katika miji mingi ya Marekani enzi hizo, upolisi ulikuwa zawadi ya kisiasa. Aliyemsaidia meya kupata kura alipewa rungu na beji, na meya alipoanguka naye akaanguka. Mafunzo hayakuwapo. Askari mpya alikabidhiwa vifaa na kuonyeshwa mtaa wake. Ushahidi ulitafutwa kwa ngumi katika vyumba vya nyuma. Kuhusu wakuu wenyewe, hapakuwa na aliyeuliza wana ujuzi gani. Lililoulizwa ni wanajuana na nani.

Mpeleka barua huyu alianza na mambo madogo. Alikuta askari 3 tu, akaushawishi mji umwongezee hadi kufikia 12 ili ulinzi uwe wa usiku na mchana. Aliona kwamba askari atembeaye kwa miguu huacha pengo kubwa nyuma yake, akawapandisha baiskeli. Aliona kwamba raia akipiga simu kituoni usiku hakuna njia ya kumfikia askari aliye mtaani, akatundika taa nyekundu kwenye njia panda. Taa ilipowashwa, askari alijua anatakiwa kupiga simu kituoni. Akaanzisha kumbukumbu za maandishi zilizopangwa, ili wizi wa leo uweze kulinganishwa na wizi wa mwaka jana, na mwizi ajulikane kwa mtindo wake wa kuiba. Baadaye zikaja pikipiki, na kufikia mwaka 1914 askari wake wa doria walikuwa wakitumia magari. Haya ni mambo ambayo yeyote aliyewahi kupanga barua kwa mitaa angeweza kuyawaza. Hata hivyo wakuu wengi wa polisi waliokuwa na uzoefu wa miaka na mikaka hawakuyawaza.

Lililombadilisha kabisa, hata hivyo, ni kushindwa. Mwaka 1907 kulitokea kifo kilichosemekana kuwa cha kujiua. Vollmer alishuku kuwa ni mauaji kwa sumu. Akaenda kuuliza kwa Profesa Jacques Loeb, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko papo hapo Berkeley, naye akamwonyesha jinsi sayansi inavyoweza kuongea mahali ambapo shahidi hayupo. Kesi haikusimama, kwa maana ushahidi wa mahali pa tukio haukuwa umehifadhiwa ipasavyo. Mtu mwingine angelaumu mahakama. Vollmer alitambua kwamba yeye na askari wake hawakujua kazi yao. Kwa ushauri wa profesa huyo akaanza kusoma maandishi ya wataalamu wa Ulaya kama Hans Gross wa Austria kuhusu upelelezi na saikolojia ya uhalifu. Akawa anasoma usiku kama mwanafunzi anayekabiliwa na mtihani.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Vollmer aliuliza, na baada ya kuuliza hakujifungia elimu aliyoipata. Mwaka 1908 alikuwa amekwisha kuanzisha shule ya polisi mjini mwake, ambako wahadhiri wa chuo kikuu walikuja kuwafundisha askari sheria, ushahidi, huduma ya kwanza, alama za vidole na upigaji picha. Mwaka 1909, katiba mpya ya mji ilipobadilisha cheo chake, aliteuliwa kuwa mkuu wa polisi wa kwanza wa Berkeley. Mwaka 1916 yeye na wenzake wakaanzisha masomo ya elimu ya uhalifu katika Chuo Kikuu cha California. Isitoshe, akaanza kuwaajiri wanafunzi wa chuo hicho kuwa askari. Magazeti na wakuu wa miji mingine waliwakejeli kwa kuwaita polisi wa chuo. Yeye hakujali.

Tazama basi aliowaleta. Mwaka 1919 alimwajiri Walter Gordon, mwanafunzi wa sheria na mchezaji mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani, akawa mtu mweusi wa kwanza katika kikosi kile. Gordon alilinda mitaa huku akisomea sheria, akahitimu, akawa wakili. Baadaye alikuja kuwa gavana wa Visiwa vya Virgin vya Marekani na hatimaye jaji wa mahakama ya shirikisho. Mwaka 1921 John Larson, askari mwenye shahada ya udaktari katika elimu ya utendaji wa mwili, alitengeneza chini ya uangalizi wa mkuu wake mashine ya kutambua uongo. Mwaka 1925 Vollmer alimwajiri Elizabeth Lossing, mtaalamu wa huduma za jamii, aongoze kitengo cha kuzuia watoto wasitumbukie katika uhalifu. Na Orlando Wilson, aliyeingia kikosini mwaka 1921 akiwa bado mwanafunzi, akawa mkuu wa polisi wa Wichita, kisha mkuu wa kitivo cha elimu ya uhalifu pale Berkeley, na mwaka 1960 akakabidhiwa polisi wa Chicago.

Kila Ijumaa aliwaita askari wake kikaoni. Humo kila mtu alikuwa na ruhusa ya kumkosoa mwenzake waziwazi, na mkuu mwenyewe hakusamehewa. Liliisha hapo hapo. Halikubebwa nje wala halikuwekewa kinyongo. Aidha, alikataza kata kata kumpiga mshukiwa ili akiri. Alipinga adhabu ya kifo. Alifundisha kwamba mraibu wa dawa za kulevya ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari kabla ya kuwa mhalifu wa kupelekwa jela. Mambo haya kuyasikia kwa mkuu wa polisi wa enzi zile kulikuwa kama kumsikia simba akisifu majani.

Hata hivyo si vyema kumpaka mtu rangi moja. Mwaka 1923 jiji la Los Angeles lilimwazima kwa mwaka mmoja ili asafishe polisi wake waliokuwa wameoza kwa rushwa. Alipanga, akafundisha, akapima. Lakini wanasiasa na wenye magenge walisubiri tu muda wake uishe. Alipoondoka mwaka 1924, mengi aliyoyajenga yaliachwa yaporomoke. Alijifunza kwamba mkuu mmoja mwadilifu, akizungukwa na watu wanaohesabu siku zake, ni kama mtu anayeteka maji kwa pakacha.

Ile mashine ya kutambua uongo nayo, iliyosifiwa kote duniani, haikuthibitika kuwa ya kutegemewa, na Larson mwenyewe aliishia kujuta kwa jinsi ilivyotumiwa. Fauka ya hayo, wanahistoria wa siku zetu wameonyesha kwamba baadhi ya mbinu za Vollmer, kama vile kufuatilia wahalifu kwa ramani na kupeleka vikosi vyepesi mahali penye fujo, zilitoka katika vita vya Ufilipino, ambako jeshi la nchi yake lilikuwa likiwatiisha watu waliotaka uhuru. Msomaji wa Kenya hataipuuza hoja hiyo. Polisi wetu nao walizaliwa chini ya utawala wa kikoloni, na kazi yao ya kwanza haikuwa kumlinda mwananchi bali kumlinda mtawala dhidi ya mwananchi. Anayesoma historia ya upolisi popote pale hana budi kuuliza mbinu fulani ilitoka wapi, na ilitumiwa kwa nani mwanzo.

Baada ya Los Angeles, Vollmer alikuwa ameshakuwa mtu wa kuitwa kila mahali. Mwaka 1922 alikuwa ameongoza Chama cha Kimataifa cha Wakuu wa Polisi. Mwaka 1929 Chuo Kikuu cha Chicago kilimpa uprofesa wa usimamizi wa polisi, na mwaka 1931 akaanza kufundisha kwa cheo hicho katika Chuo Kikuu cha California. Fikiria, ndugu msomaji: mtu asiye na shahada anakaa kitini kuwafundisha watu wa shahada. Mwaka huo huo wa 1931 ilichapishwa ripoti kuhusu polisi aliyoiongoza kwa niaba ya tume iliyoteuliwa na Rais Herbert Hoover. Ripoti hiyo ilisema wazi kwamba ugonjwa mkubwa wa polisi wa Marekani ulikuwa kwenye kiti cha mkuu: anateuliwa kisiasa, anaamrishwa na wanasiasa, anafukuzwa kabla hajaizoea kazi, na mara nyingi hakuwa na ujuzi wowote uliomfanya astahili. Ripoti nyingine ya tume iyo hiyo ilifichua jinsi mateso yalivyotumiwa vituoni.

Mwaka 1932 alistaafu upolisi. Akaendelea kufundisha na kuandika. Uzeeni maradhi yalimwandama, yakamtetemesha mikono na kumtia udhaifu, na tarehe 4 Novemba 1955 alijitoa uhai akiwa nyumbani kwake Berkeley. Alikuwa na umri wa miaka 79. Hakuacha mtoto. Aliacha wanafunzi, waliokuwa wamekwisha kuenea katika vituo vya polisi na vyuo vya nchi nzima.

Ni funzo gani basi tunalolipata katika maisha haya? Wapo watakaosema kwamba yanathibitisha kuwa vyeti si kitu, maadamu mpeleka barua aliweza. Sikubaliani nao. Vollmer mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kuwapinga, kwani alitumia maisha yake yote akitaka askari waliosoma. Wapo pia watakaosema kwamba shahada ndiyo kila kitu. Hao nao wanasahau kwamba Los Angeles haikukosa watu waliosoma; ilikosa nia. Mimi naona hivi: swali la kumuuliza anayetaka kuongoza polisi si tu alikuwa nani jana, bali alijifunza nini kwa watu aliowahudumia, na yu tayari kujifunza nini anaposhindwa. Posta ilimfundisha Vollmer kuujua mlango wa kila mtu. Kesi iliyomshinda ikamfundisha kwamba hajui. Bila hilo la pili, la kwanza lisingemfikisha mbali.

Hapa kwetu tumepiga hatua katika maandishi. Katiba ya mwaka 2010 inampa Inspekta Jenerali wa Polisi kipindi kimoja cha miaka 4, na inakataza mtu yeyote kumwamrisha ni kosa gani alichunguze au ni nani amshtaki. Sheria ya mwaka 2011 inataka awe na shahada ya chuo kikuu. Hayo ni mema, na yanajibu yale yale aliyoyalalamikia Vollmer mwaka 1931. Lakini mwananchi wa kawaida hakutani na Inspekta Jenerali. Hukutana na mkuu wa kituo kilicho karibu na soko, na konstebo aliye mlangoni usiku wa manane. Hao ndio sheria kwa macho yake. Na hao, walimu wenzangu, walitoka madarasani mwetu.

Siku ya kusajili makurutu vijana wetu hukimbizwa uwanjani, wakapimwa kimo na kukaguliwa meno. Sina neno na mbio, maana mwizi hangoji. Lakini kijana anayekwenda pale akiwa ameambiwa tangu kidato cha kwanza kwamba hiyo ni kazi ya waliofeli, ataingia Kiganjo akiwa na aibu, na mwenye aibu akipewa bunduki hutafuta heshima kwa njia ya mkato. Samaki mkunje angali mbichi. Tukitaka mkuu wa kituo anayesoma, anayeandika kumbukumbu sawasawa, anayekubali kukosolewa na walio chini yake, na asiyeinua mkono kumpiga aliyefungwa pingu, basi kazi hiyo haianzi Kiganjo. Inaanza pale mwalimu anapowaambia wanafunzi wake werevu kwamba upolisi ni kazi ya akili, na kuwaambia walio wazito wa hesabu kwamba mtu alisoma kazi yake baada ya kukosa shule, akaishia kuwa profesa.

Nanyi wanafunzi, msikubali mwalimu awapangie thamani kwa mzaha, hata mwalimu huyo akiwa mimi. Kazi yoyote ya haki huwa na elimu ndani yake kwa anayeitafuta, iwe ni kubeba mkoba wa barua au kulinda mtaa usiku.

Kuhusu yule kijana mrefu aliyeinamisha kichwa, miaka imepita na njia zetu hazikukutana tena. Huenda alifuata nyayo za baba yake, huenda hakufuata. Kama anayasoma haya, popote alipo, namwomba radhi niliyostahili kumwomba siku ile ile mbele ya wenzake. Na kama baba yake angali hai, namwomba amfikishie salamu zangu za heshima.